Haleluya, Kwaya ya Shule ya Kamina na Nyimbo Zetu Zisizoandikwa



Kila mtu wa kwetu aliyewahi kuimba kwaya anaijua Haleluya. Haleluya zipo nyingi, lakini tunaisema ile kubwa, ya Handel, ambayo mwalimu wa kwaya huanza kuifundisha wiki nyingi kabla ya Pasaka: besi peke yao jioni moja, teno jioni nyingine, na sauti ya kwanza wakilalamika kwamba imepandishwa mno. Wengi wetu tuliisoma kwa solfa iliyoandikwa kwa mkono na kunakiliwa mara nyingi hadi "do" na "so" zikawa hazitofautiani. Tuliimba hivyo hivyo, na watu walisimama.

Mwaka huu, katika kuandaa bajeti ya chama, tuliweka fungu dogo kwa ajili ya mwalimu wa muziki na vyombo vya kuanzia katika shule zetu za sekondari. Fungu hilo lilizua mjadala mkali kuliko mafungu yote. Mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: watoto wanakaa watatu kwenye dawati moja, maabara haina maji, sisi tunataka kununua fidla? Swali hilo ni la haki. Tumeamua kulijibu kwa historia, kwa sababu jibu lilianza mbali na Bariadi, na lilianza kwenye harambee kama hii yetu.

George Frideric Handel alikuwa Mjerumani aliyehamia London. Kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741, yaani siku 24, aliandika Masihi, oratorio, yaani kazi ndefu ya kuimbwa na kwaya, waimbaji wa pekee na okestra, bila maigizo. Haleluya yetu ni kipande kimoja tu, cha kufunga sehemu ya pili kati ya tatu. Kazi hiyo haikuimbwa London kwanza. Ilipelekwa Dublin, Ireland, na kuimbwa tarehe 13 Aprili 1742 katika ukumbi wa mtaa wa Fishamble. Waimbaji wa kwaya walitoka katika makanisa makuu mawili ya mji huo. Matangazo yaliwaomba akina mama wasivae magauni ya mifupa iliyotanuka, na akina baba waache panga zao nyumbani, ili ukumbi uweze kuingiza watu 700. Hoja haikuwa ya adabu wala mitindo. Kila nafasi iliyopatikana ilikuwa tiketi moja zaidi.

Fedha zilikwenda wapi? Zilikwenda katika hospitali mbili za mji huo, na kuwalipia madeni watu waliofungwa jela kwa kushindwa kulipa. Inasimuliwa kuwa wafungwa 142 waliachiwa huru kutokana na mapato hayo. Kila tunapoimba Haleluya tunaimba wimbo uliofungua mlango wa gereza kabla haujawa wimbo maarufu.

London nako hali ilikuwa ya namna hiyo. Nahodha mstaafu aitwaye Thomas Coram alikuwa amehangaika miaka mingi kupata kibali cha kufungua nyumba ya kulea watoto waliotupwa, na alikipata mwaka 1739. Nyumba ilijengwa, kisha kanisa lake. Handel alilipatia kanisa hilo kinanda, na tarehe 1 Mei 1750 akaongoza Masihi humo kwa ajili ya kuchangia watoto. Watu walijaa kiasi kwamba wengine walirudishwa mlangoni. Baada ya hapo iliimbwa humo kila mwaka, na Handel alipofariki mwaka 1759 wosia wake uliwaachia watoto hao nakala safi ya nota zote. Hakuwaachia shamba wala nyumba. Aliwaachia karatasi, na karatasi hizo ziliendelea kuleta chakula.

Jambo hilo la karatasi tutalirudia.

Nyimbo za namna hii zilifikaje kwetu? Kwa njia ya wamisionari na walimu wao. Nassa, ambayo leo iko wilaya ya Busega, ni miongoni mwa vituo vya zamani kabisa vya Kiprotestanti katika Usukuma. Mwaka 1909 ilichukuliwa na Africa Inland Mission, na kutoka huko nyimbo za sauti nne zilisambaa hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona kinanda. Kilichowezesha hayo ni solfa. Ilianzishwa na mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, kisha ikaenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19. Lengo lao lilikuwa watu wasio na vyombo na wasio na fedha za kulipa mwalimu wa nota. Aliyejua herufi aliweza kuimba. Kwa mtu wa Maswa au Meatu wa wakati huo, hiyo ilikuwa mali.

Lakini solfa ilikuja na nyimbo za wengine tu. Za kwetu zilibaki nje ya mlango wa kanisa na nje ya mlango wa darasa. Zilikuwa nyingi, na kubwa. Hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wa kijitabu hiki Bagika na Bagalu ni nani, ila vijana wetu waliozaliwa Dar es Salaam huenda wanahitaji: vyama viwili vya ngoma vinavyotokana na wapinzani wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna jaji wa kuketi mezani na karatasi. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, lazima atunge jambo jipya kila msimu, la sivyo watazamaji watavuka kwenda kwa mpinzani, tena mchana kweupe na majirani wakiona. Aliyelelewa katika ushindani wa namna hiyo hana haja ya kufundishwa kwamba muziki ni kazi.

Sasa twende Kongo, kwa sababu huko ndiko jambo tunalolitafuta lilitokea, tena katika shule, na katika eneo ambalo watu wake wanazungumza Kiswahili kama sisi.

Kamina ni mji wa reli katika Katanga. Mwaka 1953 alifika huko padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, akaja kuongoza shule. Alikuta watoto wanaoimba nyimbo za Kizungu darasani na nyimbo za Kiluba nje ya darasa, na aliona kwamba za nje ndizo zilizokuwa na uhai. Aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wengi wa umri wa shule ya msingi, pamoja na walimu kama 15 wa kuimba sauti za chini. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina ni la wakati wake, na tunaliacha lilivyo.

Wakati huo Misa ilisomwa kwa Kilatini dunia nzima; Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado haujafanyika. Maneno hayakuweza kuguswa. Tuni ziliweza. Watoto na walimu wa Kamina walichukua maneno yale yale ambayo Bach na Mozart waliyatungia Misa zao, wakayaimba kwa namna ya kwao. Kwa "Bwana utuhurumie" walichukua mtindo wa kasala, yaani namna ya Waluba ya kuomboleza. Kwa "Mtakatifu" walichukua wimbo wa kuagana. Hosana ikapewa mdundo wa ngoma ya Kasai. Okestra yao haikuwa na fidla hata moja: ngoma na vyombo vingine vya kupiga, basi. Kazi hiyo iliitwa Misa Luba, na iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada tarehe 23 Machi 1958, hapo hapo Kamina.

Mwaka huo huo watoto hao walikwenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, ambako Maonesho ya Dunia ya Brussels yalikuwa yakiendelea, pia Uholanzi na Ujerumani, na waliimba pamoja na kwaya mashuhuri ya wavulana wa Vienna. Kampuni ya Philips ikatoa sahani ya santuri. Miaka kumi baadaye "Mtakatifu" yao ilisikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo If...., na vijana wa Ulaya ambao hawakuijua Kamina iko wapi wakanunua sahani hiyo. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya. Leo inaimbwa na kwaya za shule Marekani, Uholanzi na Japani, na walimu wa huko huwafundisha watoto wao kuimba kama watoto wa Kamina.

Tunapendekeza msomaji asimame hapa kidogo. Watoto wa shule ya kawaida, mji wa reli, bila fidla, bila ukumbi. Kilichokuwepo ni mwalimu aliyekuwa tayari kusikiliza, na mazoezi.

Ila hadithi hiyo ina upande wa pili, na tungekuwa tunawadanganya kama tungeuficha. Misa Luba haikutungwa na mtu mmoja mezani. Ilizaliwa katika mazoezi, mwimbaji mmoja akitupa mstari na wengine wakiudaka, na katika ile rekodi ya 1958 mengi yaliimbwa bila kuandikwa mahali popote. Nota zilizochapishwa zilikuja baadaye. Na jina lililoandikwa juu ya nota hizo, jina ambalo kwaya za dunia hulitaja hadi leo, ni la Padre Haazen. Hatumlaumu kwa kupenda nyimbo za wenyeji. Bila yeye huenda tusingezisikia. Lakini majina ya walimu na wavulana waliozitunga hayaonekani katika programu za matamasha, na kundi lenyewe halikudumu baada ya misukosuko iliyofuata uhuru wa 1960. Katika karatasi, kazi huwa ya aliyejua kuandika.

Tanzania nayo ilikuwa na watu waliolitambua jambo hilo mapema. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu katika miaka hiyo hiyo, na yeye alijua nota, hivyo jina lake lipo juu ya kazi yake. Karibu na kwetu zaidi kulikuwa na Bujora. Ukitoka Bariadi kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu, kabla ya kuingia mjini unafika Kisesa, na Bujora iko hapo pembeni. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alijenga huko katika miaka ya 1950 kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma na kuingiza ngoma katika ibada, wakati ambapo wakristo wengi walikuwa wamefundishwa kwamba ngoma ni ya shetani. Makumbusho ya Bujora yanayohifadhi ngoma za watemi yalianzia katika kazi hiyo. Mashindano ya Bulabo ya kila mwaka, ambako Bagika na Bagalu hukutana, bado yanaendelea. Wengi wetu tumeyahudhuria na kurudi bila sauti.

Pamoja na hayo, nani ameandika nyimbo zenyewe? Jibu linauma kidogo. Mkusanyo mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya nyimbo 300 za kulima, kuwinda, kubeba mizigo na kuvuna pamba, uliandaliwa na mtaalamu wa Kimarekani, Frank Gunderson, na kuchapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 2010. Ni kazi ya heshima, ya miaka mingi ya kukaa na wazee wetu, na aliifanya vizuri. Lakini kitabu hicho utakipata katika maktaba ya chuo kikuu cha Ulaya kwa urahisi kuliko katika sekondari yoyote ya Simiyu, na bei yake ni ya maktaba.

Turudi kwa mjumbe wetu na madawati yake.

Madawati kwanza. Tunalisema wazi ili pasiwe na minong'ono: fungu la madawati na matundu ya vyoo halijapunguzwa hata shilingi moja kwa ajili ya muziki. Lakini si kweli kwamba muziki ni anasa ya kusubiri hadi kila kitu kikamilike. Muziki ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani katika kidato cha nne. Chuo cha Ualimu Butimba, hapo Mwanza, kimefundisha walimu wa muziki kwa miaka mingi. Kwaya na ngoma zimo katika mashindano ya UMISSETA, na kila mwaka watoto wetu huandaliwa na mwalimu wa Kiswahili au wa Biolojia aliyewahi kuimba kanisani, kwa moyo wake mwenyewe na kwa muda wake mwenyewe. Hata bendi za wanafunzi si jambo geni nchini: shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi ya matarumbeta tangu enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, ndiyo kwanza unaanza kujenga sura yake. Pamba inajulikana. Nyimbo je?

Wengine walicheka tulipotamka neno okestra, wakadhani tunataka kuleta Mlimani Park Orchestra iwapigie wanafunzi dansi. (Hilo nalo lingekuwa jambo jema, siku ya mahafali.) Tunachosema ni kidogo zaidi. Huko Kinshasa, mwaka 1994, rubani aliyepoteza kazi, Armand Diangienda, alianzisha okestra ya kanisa la Kimbangu akiwa na watu wengi na fidla chache. Walipokezana: huyu anafanya mazoezi dakika zake, anampa mwenzake. Kamba zilipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Okestra hiyo baadaye ilipiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya yake, na mwaka 2010 ikatengenezewa filamu iliyozunguka dunia. Miaka 16 ilipita kati ya fidla za kupokezana na filamu. Hatutarajii chetu kiende haraka zaidi.

Kwa hiyo mpango wa mwaka huu ni huu. Vinanda viwili vya umeme vinavyoweza kutumia betri, kwa sababu umeme tunaujua. Filimbi za kufundishia nota, za bei nafuu, za kutosha darasa moja. Mwalimu mmoja aliyesomea muziki, atakayezunguka kati ya shule tatu za kuanzia, nauli na posho zikiwa juu ya chama. Daftari za nota. Ngoma hatununui, wazazi wameahidi.

Mwaka wa kwanza wanafunzi watafanya kazi mbili kwa pamoja. Watajifunza Haleluya kwa nota na kwa solfa, sauti zote nne, kwa Kiswahili, ili tuisikie kwenye mkutano mkuu ujao bila ile sauti ya tatu kupotelea katikati kama kawaida yetu. Na watakwenda kwa ningi mmoja mmoja, watamsikiliza, watamrekodi kwa simu, kisha wataandika wimbo wake kwa nota: jina lake juu, jina la kijiji chini, tarehe pembeni. Nakala moja itabaki kwake, moja shuleni, moja kwa chama. Mtu akitaka kuuimba Leiden au Tokyo, atajua ni wa nani.

Orodha ya vyombo pamoja na bei zake ipo kwa mweka hazina, na kila mwanachama anaweza kuiona na kuihoji. Michango ya vitu inapokelewa pia. Mwenye kinanda kilichokaa kabatini tangu watoto wahame nyumbani, tunakihitaji kikiwa kinalia. Na yeyote ambaye kijijini kwao kuna ningi mzee, awe Mgika au Mgalu, atuletee jina la kijiji na la mwenyekiti wa kitongoji kabla ya mwezi wa sita. Pamba ikishavunwa ngoma zitaanza, na wawili kati ya wazee tuliowaweka kwenye orodha ya mwaka jana hawapo tena.